Siku Niliyomhesabu Kukhu

Nilipokuwa mtoto, kwetu watu hawakuhesabiwa. Kukhu, mamake baba, alitufunza kwamba ukihesabu watu wa nyumba moja, mmoja hupungua. Badala yake, kabla ya safari aliita majina, nasi tukaitika mmoja mmoja. Kaka yangu Wekesa hukitia chumvi kisa hiki. Mimi nakiandika kilivyokuwa.

Desemba moja tulitoka Lucky Summer, mtaa wetu wa jijini, asubuhi kwenda nyumbani, magharibi, kwa pikapu ya turubai ambayo baba aliiazima kwa mwenzake wa kazini. Mbele walikaa baba, mama na mtoto mchanga. Nyuma tulikuwa watoto watano na Kukhu, juu ya magunia ya nguo. Ukungu ulitufunika tulipopanda milima, pakawa hakuna cha kutazama, nami nikahesabu vichwa kimoyomoyo. Tisa. Hakuna lililotokea, nikajiona jasiri.

Tulisimama mahali pa kutazamia Bonde la Ufa. Ukungu ulikuwa umepasuka, na chini kabisa tuliona mashamba, mlima wenye shimo kileleni, na lori likitambaa kama chawa. Wekesa alitema mate aone yatafika lini. Mama akamvuta sikio. Kukhu alitoka kwenye vibanda vya ngozi za kondoo, akaita majina, tukaitika, tukapanda. Kisha, bila sisi kujua, akarudi kibandani kupunguziwa bei ya kofia mara ya mwisho. Baba alikuwa amesikia jina la mwisho likiitikiwa. Akaondoa gari.

"Kukhu amehamia mbele," Wekesa alisema. "Baridi imemshinda."

Nilichungulia mbele kupitia kidirisha cha kioo, nikahesabu tena. Nane. Nikaanzia upande mwingine. Nane. Nilijua ni mimi niliyempunguza. Nikisema, wataniuliza nimejuaje. Nikinyamaza, Kukhu hatakuwepo tena. Nilinyamaza kona tatu. Wekesa husema kumi, lakini zilikuwa tatu. Halafu nikagonga kioo kwa ngumi zote mbili.

Baba alisimamisha gari akaja nyuma.

"Nimehesabu watu," nikasema nikilia, "na Kukhu amepungua."

Baba akamgeukia mama. Mama akasema polepole, "Si yuko huko nyuma?"

Tuligeuza gari, tukamkuta ameketi kwenye kigoda cha muuzaji, kofia ya ngozi kichwani, hindi la kuchoma mkononi, bado akimweleza kasoro za bei zake.

"Sikuwa na wasiwasi," alimwambia baba. "Mngelala wapi? Ufunguo wa nyumba ninao mimi." Akaonyesha fundo kwenye pindo la leso yake.

Baba alimweleza aliyegundua, na kwa njia gani. Nikainamisha kichwa.

"Ulipata wangapi?" Kukhu aliniuliza.

"Wanane, Kukhu."

"Basi ulihesabu vizuri." Akanivunjia nusu ya hindi. "Usirudie."

Sijarudia. Sijui kama niliogopa kweli au nilimheshimu tu, na sioni haja ya kuyatenganisha hayo mawili. Kila Desemba tunasimama palepale, naita majina ya wanangu, wanaitika. Ila nimeongeza jambo moja ambalo Kukhu alilisahau, kwamba mwenye kuita majina naye ana jina. Kitinda mimba wangu huniita mimi mwisho. Naitika, "Nipo," ndipo gari linapoondoka.