Ulimi wa Bihogo na Neno la Kupungua

Harufu ya ngozi iliyopakwa chumvi hunirudisha Masisi, mashariki mwa Kongo, kwenye zizi letu la mlimani, asubuhi ukungu ungali umelala juu ya majani. Nilikuwa na miaka minane. Bihogo, ng'ombe wetu pekee aliyekuwa akikamuliwa, alifiwa na ndama wake, na Papa akafanya kama wafugaji wote wa kwetu: alichuna ngozi ya ndama, akaijaza nyasi kavu, akaipaka chumvi. Kila asubuhi Mama aliiweka mbele ya Bihogo, naye akairamba akidhani ni mtoto wake, na maziwa yakashuka. Kwa maziwa hayo mdogo wangu mchanga aliishi, maana homa ilikuwa imeyakausha matiti ya Mama.

Mimi nilimhurumia Bihogo. Kumdanganya mzazi hivyo, kila siku! Basi nikaizika ile ngozi nyuma ya shamba la viazi, nikaweka ua juu, nikaomba kama tulivyofundishwa kanisani.

Maziwa yakapungua. Chombo kikajaa nusu, kisha robo, mwishowe yakafunika kitako tu. Mdogo wangu akalia hadi sauti yake ikawa nyembamba kama ya kifaranga.

"Mbwa njo walibeba ile ngozi," Papa alisema, akinoa kisu; kwetu "njo" ni "ndio". "Bihogo hana faida tena. Tutamuchinja."

"Na mutoto atakunywa nini? Mchuzi?" Mama akamuuliza.

Nikapiga magoti. "Haikuwa mbwa, Mama. Njo mimi."

Nilingoja fimbo. Badala yake Mama akanimwagia chumvi kiganjani. "Haya, leo weye njo ndama. Simama pale mbele."

Ulimi wa Bihogo ulinikwaruza hadi kiganja kikawaka moto. Nikasikia maziwa yakigonga chombo: tone, tone, kisha mfululizo. Hayakurudi kuwa kama zamani, ila yalimtosha mdogo wangu. Nikasimama hivyo kila asubuhi mpaka mvua zikaisha, na kisu kikarudi darini.

Juzi mgeni mmoja wa misheni alinifundisha kitenzi cha Kiingereza, abate, yaani kupungua. Akasema kilitoka katika Kifaransa cha kale, na hapo mwanzo maana yake ilikuwa kupiga kitu hadi kianguke; Wafaransa bado hukitumia kwa kuchinja ng'ombe. Nilikuwa nakisikia kisu cha Papa juu ya jiwe.

Leo tuna ng'ombe sita na ndoo za bati, na mdogo wangu amenizidi kimo. Akipewa maziwa huyamaliza kwa pumzi moja, akacheka, akaomba mengine. Mimi, kabla ya kumjazia, hufuta kiganja changu kwenye nguo, kana kwamba bado kina chumvi.