Karani na Mkazi wa Mia Mbili

Karani wa kijiji chetu hulamba ncha ya penseli kabla ya kila neno, na huandika polepole kama anayechanja mti wa mpira. Siku ile fomu ya wilaya ilitaka wakazi wasiopungua mia mbili, la sivyo tuunganishwe na wale wenye majivuno wa kijiji cha chini, mto unakoelekea. Tulikuwa mia moja tisini na tisa. Boti ya kupeleka fomu ilikuwa tayari inanguruma, naye karani amepiga magoti nje ya chumba ambamo jirani yetu Ubung alikuwa akijifungua.

“Sukuma, dada yangu, boti inaondoka!”

“Njoo usukume wewe!” Ubung akafoka.

Mkunga akachungulia. “Wa kike.”

“Sikuuliza hilo, bibi. Anapumua?”

“Anapumua.”

Karani akaandika mia mbili, akaketi sakafuni, akalia kumshinda mtoto.