Hoja Kumi na Moja Dhidi ya Mchungaji

Ngoja nikiri kwanza upuuzi wenyewe, tusipotezeane muda. Niliandika hoja kumi na moja dhidi ya mchungaji wetu, nikazichapa kwenye karatasi zake mwenyewe zenye nembo ya kanisa, nikatoa nakala sitini kwa mashine yake, nikazigonga muhuri wake, kisha nikaweka moja juu ya kila kiti kabla ya ibada. Ya mlangoni niliibandika kwa gundi, maana nyundo sikuwa nayo. Hata leo nikisikia harufu ya karatasi inayotoka moto kwenye mashine ya nakala, hugeuka kuangalia nani amesimama nyuma yangu.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Tulikuwa tunaishi Weston, huku Kanada, ghorofa ya tisa, watu sita katika vyumba viwili, na lifti iliyofanya kazi ikijisikia. Baridi ya mwaka ule ilitufungia ndani: madirisha yamezibwa kwa plastiki na mkanda, mvuke wa maharage umeganda kwenye vioo, na mtoto akisogea anamkanyaga mwenzie. Shule, nyumba, kanisa, basi. Na kanisa lenyewe lilikuwa ukumbi wa chini ya ardhi tuliokodishwa na Wazungu wazee, hauna dirisha hata la kutorokea kwa macho. Ibada ilichukua saa nne. Mchungaji alikuwa anafanya zamu ya usiku kwenye ghala la mizigo kule Malton, akitoka huko anakuja moja kwa moja kutuhubiria, yeye akipigana na usingizi wake, sisi na wetu. Kwa kuwa ni mimi niliyejua kompyuta, nilipewa ufunguo wa ofisi niandae ratiba ya ibada kila Jumamosi. Kosa hilo walilifanya wao, si mimi.

Wiki ile mwalimu wa historia alitusimulia habari za mtawa mmoja wa Kijerumani aliyeandika hoja zake dhidi ya wakubwa wa kanisa, akazipigilia kwa nyundo mlangoni mwa kanisa. Zamani hoja kama hizo zingefia chuoni, lakini mitambo ya kuchapa ilikuwa imeshaingia mjini, na kabla Papa hajageuka, nusu ya Ujerumani ilikuwa imezisoma. Nilisisimka mpaka nikaacha kumchora mwalimu. Kipindi cha pili, kilichoeleza nani alifaidika, nililala.

Basi Jumapili ikafika. Hoja ya kwanza iliuliza, kama Mungu anasikia, kwa nini Mzee Bahati anaomba kwa spika mbili? Ya saba ilidai kwamba mahubiri yenye "na mwisho kabisa" tatu yahesabiwe kuwa yamekwisha kwenye ile ya kwanza. Akina mama wa kwaya walijifunika nyuso kwa vitenge, mabega yakitikisika. Mchungaji alisoma yote taratibu, midomo ikicheza.

"Hii ya saba ni kweli," akasema, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Nikajiona nimeshinda. Mzee Bahati, mkuu wa wazee wa kanisa, ndiye peke yake hakucheka. Alikuwa ameweka kidole chini kabisa ya karatasi.

"Huu muhuri," akauliza, "kaugonga nani?"

Kicheko kikafa. Watu wengi mle walikuwa wamekimbia Kongo na Burundi bila cheti hata kimoja. Walipoitwa mbele ya maofisa wa wakimbizi, walichokuwa nacho ni barua ya mchungaji: namjua huyu, namjua baba yake, kabatizwa kwetu. Serikali nzima ya Kanada, na ndege zake zote, ilikuwa inamsikiliza mpakia mizigo wa Malton kwa ajili ya duara lile la wino wa bluu. Na mimi nilikuwa nimeligonga mara sitini chini ya vichekesho.

Jioni ileile wazee wakaamua: muhuri ufutwe, uchongwe mwingine, na barua zote zilizotoka karibuni zirudishwe. Mojawapo ilikuwa ya Mama Mdogo Furaha, mdogo wake Mama, aliyekuwa analala kwenye kochi letu. Alibakiza siku nne asikilizwe. Watoto wake wawili walikuwa kambini Kigoma, wakimsubiri apate makaratasi awaite.

"Mchungaji, si uwaambie tu kwamba yake ni ya kweli?" nilimwomba.

"Ya kweli tunaijua mimi na wewe, baba. Maofisa wakipata hata nakala moja ya karatasi yako, wataona muhuri mmoja unasema Furaha ni mtoto wetu, na muhuri huohuo unasema mimi nalaza watu. Waamini upi?"

Wakili akaomba tarehe nyingine. Akapewa, miezi minane mbele.

Miezi minane nilipita kando ya kochi lile asubuhi na jioni. Mama Mdogo hakunigombeza hata mara moja. Alikunja blanketi zake, akaniuliza kama nimekula. Heri angenipiga. Historia niliisoma upya, macho wazi, nikakuta watawala ndio waliotwaa makanisa na mali zake, kisha wakaamuru kila mchapaji aombe kibali. Yule mtawa mtawala mmoja alimficha kwenye ngome. Mimi ngome yangu ilikuwa choo, na ndugu zangu wakigonga mlango.

Sasa nina miaka kumi na saba, na bado nachapa ratiba ya kanisa, Mzee Bahati akiwa amesimama nyuma yangu anasoma kila mstari kabla haujatoka. "Futa hiyo, bwana mdogo," husema, nami hufuta. Mama Mdogo alikubaliwa, na watoto walifika kiangazi kilichopita. Yule mdogo alimpa mama yake mkono pale uwanja wa ndege, akamwambia shikamoo, kama mgeni. Watu walisema ni uchovu wa safari. Mimi nilihesabu miezi.

Siku ile tarehe ilipoahirishwa, watoto walikuwa wamepelekwa mjini kusubiri simu ya mama yao. Mama Mdogo alishindwa kuishika. Mama akapiga namba, akanisukumia mkonga kifuani, akasema:

"Waambie wewe. Na ukimaliza, waeleze kilichokuchekesha ni nini. Kwa Kiswahili, wakuelewe."