Mashine Iliyozoea Umeme wa Kwao

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo moyo unanidunda kama wa msichana. Mume wangu aliingia uani kwetu Shangani, hapa Mtwara, anasukuma baiskeli, na nyuma yake amefunga sanduku la mbao pana kuliko mabega yake. Hata salamu hakutoa. Alisema tu, "Nimeipata," akaanza kufungua kamba kwa meno.

Mume wangu, Hamisi, alikuwa mpiga picha. Mimi nilikuwa mkewe mpya, nimetoka kwa wazee wangu Naliendele, watu wa korosho na mihogo, kamera naiona kwa mbali. Lakini kazi ile niliipenda upesi kuliko nilivyompenda yeye, na hilo hakuchelewa kuligundua. Stoo ya jikoni tuliifanya chumba cha giza. Dirisha tuliliziba kwa magunia, mlango tukauning'inizia blanketi, taa tukaifunika kitambaa chekundu. Humo tulisafishia picha. Ila zilikuwa ndogo, kwa sababu tulilaza filamu juu ya karatasi, na picha ikatoka na ukubwa wa filamu basi. Mtu akitaka picha ya kutundika ukutani, filamu yake ilipelekwa Dar es Salaam, ikarudi ilipojisikia kurudi. Nyingine hazikurudi.

Sasa ndani ya sanduku lile ilikuwamo mashine ya kukuzia picha. Hamisi aliipata kwa mwalimu mmoja Mmarekani aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Ilikuwa na nguzo ya chuma, na juu ya nguzo kichwa kama chungu kilichofunikwa, ndani yake globu. Filamu unaiweka chini ya globu, mwanga unaipenya, unashuka kwenye lenzi, unaanguka mezani. Ukipandisha kichwa, sura inakua. Ukikishusha, inapungua. Nilikipandisha na kukishusha pasipo umeme wowote, nacheka peke yangu, mpaka mama mkwe akauliza kama nimeolewa na mwanawe au na hicho chuma.

Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa Mmakonde wa maneno machache, na hayo machache hayakuwa na sukari. Umeme hakuujua. Alijua kuwasha na kuzima.

Habari za mashine zilifika Kilambo, kule mpakani, kabla hatujaichomeka. Siku ya pili tu alikuja Mama Zefa, mwanamke wa ng'ambo ya Ruvuma aliyevuka zamani na mtoto mgongoni. Mumewe alibaki kwenye vita vya kwao, hakuonekana tena. Mama Zefa alikaa mkekani, akafungua pindo la kanga, akatoa kitambaa, na ndani ya kitambaa kipande cha filamu. Tulikielekeza juani. Mwanamume amesimama mlangoni, uso wake mdogo kama punje ya mbaazi. Picha yenyewe iliungua na nyumba. Kilichobaki duniani cha mtu yule ni kipande kile.

Akatueleza haja yake. Binti yake, Zefa, yuko ndani, anachezwa unyago, na karibu atatolewa. Wewe unajua, mwali akitolewa upande wa baba nao husimama wampokee. Zefa upande huo hana mtu hata mmoja. Na sura ya baba yake hajapata kuiona. Mama yake alitaka picha kubwa, ya kushikwa na mikono miwili, isimame mahali pa baba. Dar es Salaam hakutaka ipelekwe. Alisema hawezi kumpoteza mara ya pili, safari hii kwa posta.

Basi tukamwita fundi wa umeme, Bakari, kijana mwenye mdomo. Akaigeuza mashine, akasoma kibati cha nyuma, akapiga mluzi. Akasema hii imezoea umeme wa kwao, volti mia na kumi, na wa kwetu ni kama mara mbili yake. Mkiichomeka hivi hivi globu itapasuka kabla hamjasema bismillahi. Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kutafuta transfoma, kisanduku kizito cha kuupunguza umeme wetu, na Mtwara nzima siku hizo haikupatikana. Ya pili ni kung'oa globu ya kwao na kuweka ya kwetu. Lakini globu ya kwao ilikuwa ya kuzungusha kama kifuniko cha chupa, na za kwetu zina vijino viwili vya kubana. Kwa hiyo akang'oa na kishikio chake, akafunga kishikio cha kwetu, akabadili waya, akabadili plagi. Saa ya mashine, ile ya kupima muda wa mwanga, aliikata kabisa akasema msiiguse, nayo inakula umeme wa kwao na dawa yake ni transfoma tu.

Mimi muda wote nimesimama kichwani pake namshikia bisibisi, nauliza hiki nini na hiki nini. Akamwambia Hamisi, "Bwana, mkeo akisimama hapa wiki moja mimi nitakosa kazi." Nilifurahi siku nzima.

Globu aliyoweka ilikuwa kubwa kuliko zote dukani, maana tulisema tunataka mwanga wa kutosha. Tukachomeka. Mwanangu, mwanga ulianguka mezani mweupe, wa mviringo, kama mwezi umeingia stoo. Nikapiga kigelegele. Hamisi ananicheka, Bakari anajisifu, Mama Zefa amesimama mlangoni kitambaa mkononi. Nikanyoosha mkono. Nilitaka mimi niwe wa kwanza kumkuza yule mtu.

Mama mkwe alikuwa kizingitini anamenya muhogo. Hakuinua kichwa.

"Hiyo ya mwenzio ina pacha?"

Nikasema haina, mama.

"Na hicho chuma, kimekwisha kupika nini kikaiva?"

Nikaurudisha mkono.

"Basi weka ya kwako kwanza."

Nikajua amekusudia nini. Nilikuwa na filamu zangu kwenye bati la biskuti. Moja nimesimama na miwani ya jua ya kuazima na redio begani, siku ya Idd. Hiyo niliipenda mno, na picha yake ya karatasi nilikwisha kuigawa. Nikasema kwa sauti ndogo kwamba, mama, ile ni moja tu, ikiharibika sina nyingine. Hapo ndipo alipoinua kichwa, na kisu kikasimama.

"Ya kwako unaionea huruma. Ya mwenzio mbona hukuihurumia?"

Hakusema kwa ukali. Angefoka ningejitetea. Akarudi kwenye muhogo wake, nami nikaenda kulichukua bati.

Nikaiweka. Nikatokea mezani na miwani yangu na redio yangu, mkubwa, meno nje, wote wakacheka. Hamisi akawa anazungusha lenzi apate kunyoosha sura. Anazungusha, inakaa, inakataa. Mara nikaona shavu langu linavimba. Redio ikapinda. Miwani ikateremka kidevuni, halafu ikaja harufu. Hamisi alichomoa plagi na kufungua kichwa huku anapuliza vidole. Filamu yangu ilikuwa imejikunja kama jani lililotupwa motoni.

Hakucheka mtu. Nilimtazama Mama Zefa. Alikuwa amekirudisha kile kitambaa kwenye pindo la kanga na kulifunga fundo, na mkono ameuweka juu ya fundo. Akaniambia pole, dada. Yeye ndiye aliyenipa pole, mwanangu. Mimi.

Bakari ulimi ulimlegea. Akakiri kwamba globu ni kubwa mno, moto wake hauna pa kutokea mle ndani. Inatakiwa ndogo, tena nyeupe ya maziwa, ili mwanga usambae sawasawa. Akaingia mjini kuitafuta, akarudi mikono mitupu. Mama Zefa akaanza kukusanya vitu vyake, anasema hapana neno, ataondoka na gari la jioni. Mama mkwe akajikokota chumbani kwake. Tukasikia kiti kinaburutwa. Akatoka na globu ya chumbani kwake imefungwa upande wa kanga, ndogo, nyeupe ya maziwa.

Akampa Bakari. "Koroboi yangu ingalipo," akasema, akarudi kwenye muhogo.

Safari hii sikungoja kuambiwa. Nilifungua bati mwenyewe nikatoa filamu ya harusi yangu, mimi na Hamisi, ile niliyoificha chini kabisa. Hamisi akanishika mkono. Nikamwambia iache iende. Tukaiweka, tukaiacha chini ya mwanga mpaka tukachoka kuitazama, kisha tukaitoa tukaipapasa. Ilikuwa na joto la kiganja tu. Haikupinda popote.

Ndipo Mama Zefa akafungua fundo.

Saa hatukuwa nayo, na Hamisi akihesabu kwa mdomo alikuwa anakimbiza hesabu kwa furaha. Nikasema nitahesabu kwa mapigo ya mchi, maana kutwanga nimetwanga tangu nina akili, na mkono wangu hauendi mbio wala haulegei. Tukajaribu kwanza kwenye vipande vya karatasi. Kimoja kikatoka cheusi, kingine kimepauka, na cha mwisho kikatoka sawa. Tukalaza karatasi kubwa. Nikatwanga hewani, Hamisi akazima, karatasi ikaingia kwenye karai la dawa.

Sijui kama nitaweza kukueleza. Karatasi nyeupe, haina kitu. Halafu kivuli cha mlango. Halafu shati. Halafu macho, yanatutazama kutoka chini ya maji, mtu mzima, ana kovu dogo juu ya nyusi ambalo hata mkewe alikuwa amelisahau. Nilimshika Hamisi nikamfinya mpaka akalia. Mama Zefa akainama juu ya karai, akamwambia yule mtu kwa lugha yao, kisha akatugeuzia kwa Kiswahili ili tusibaki nje:

"Nimemwambia amechelewa, lakini amefika."

Kigelegele changu cha safari hii kilitoa majirani nje.

Tulialikwa Kilambo siku Zefa alipotolewa. Ngoma ilianza mapema, vumbi likatanda, mashangazi wa watu wamejipanga. Picha nilipewa niishike mimi, kwa mikono miwili, mahali pa baba. Mwali aliletwa amefunikwa kanga mpya, macho chini kama alivyofundishwa. Walipofika mbele yangu kungwi akamwambia inua macho, msalimie baba yako. Akainua. Akatazama kwa muda mrefu, ngoma zikangoja. Kisha akapeleka mkono taratibu kwenye sikio lake.

"Kumbe masikio ni yake," akasema.

Watu wote wakacheka, na mama yake akacheka kuliko wote, machozi yanamwagika.

Sasa sikiliza, mwanangu, maana nimekuita kwa hili. Siku hizi chaja zenu zinakubali umeme wa nchi yoyote, ndiyo maana hamuulizi. Mnachomeka tu. Lakini si kila kitu kiko hivyo, wala si kila mtu. Ukiletewa kitu kutoka mbali, uliza kwanza kimezoea nini. Ukiletewa mke, mume, mtoto wa kulea, mfanyakazi, uliza vilevile, na wewe ukienda kwa watu kubali kubadilishwa plagi, usidai nyumba nzima ibadilike. Na ukiwa unajifunza, jifunzie kwa chako. Usijaribie ujuzi wako kwenye kitu cha pekee cha mwenzio, hata akikupa kwa mikono yake, hata ukiwa na hakika. Hakika nilikuwa nayo mimi siku ile, tele. Na furaha usiipunguze. Mama mkwe hakuninyang'anya furaha yangu, alinionyesha tu pa kuanzia.

Mungu akujalie mkono usiotetemeka na moyo unaodunda. Kila kilicho cha pekee utakachokabidhiwa, akuwezeshe kukirudisha kizima, kikiwa kikubwa kuliko ulivyokipokea. Amina.