Miche Iliyoanguka Kitaluni

Miche yetu ya tumbaku ilianza kuanguka wiki chache kabla ya kuhamishiwa shambani. Asubuhi imesimama, jioni imelala kama sisi kwenye kipindi cha hesabu. Baba akanipa simu yake yenye bando. "Wewe si unasoma? Uliza huko mtandaoni."

Akavuta kigoda, akaanza kunitajia cha kuandika. "Habari za kazi. Sisi wa huku Urambo hatujambo, isipokuwa miche..."

"Baba, hii siyo barua."

"Utaombaje msaada bila kusalimia?"

Nikaandika salamu zote. Tukaletewa mifano ya barua za kirafiki. Nikafuta, nikabakiza neno moja: tumbaku. Zikaja picha za mapafu meusi ya wavutaji.

"Wanasemaje?"

"Wanasema tuache."

"Waulize wewe utakula nini."

Nikaamua kuandika tulichokuwa tunakiona: miche ya tumbaku, kitalu, shina linaoza chini. Hapo yakaja majibu ya maana. Ukurasa wa kwanza ulisema ni ugonjwa, nunueni dawa, na chini kulikuwa na namba ya simu ya muuza dawa hiyohiyo.

Baba akacheka. "Huyo dalali. Tafuta asiyeuza kitu."

Wa pili ulikuwa wa watafiti wa kilimo. Shina huoza, walisema, kitalu kikimwagiliwa kupita kiasi na nyasi za kufunikia zikiwa nene.

Mwagiliaji ni mimi. Niliagizwa kumwagilia asubuhi na jioni, kidogo kidogo. Mimi, ili niwahi mpira, nilikuwa namwaga ndoo zote kwa mkupuo mmoja. Nikaanza kutafuta upya: miche inaanguka jua kali. Miche inaanguka panya. Miche inaanguka uchawi. Mtandao hauna hiyana, ukitaka jibu lako unapewa. Uchawi peke yake ulijaza ukurasa mzima.

"Mbona umekuwa bubu?"

Nikatazama kitalu. Safu tatu zimekwisha, tano bado zimesimama. Nikarudi kwa watafiti, nikasoma kwa sauti mpaka mwisho.

"Nani anamwagilia?" baba akauliza, utadhani hajui.

"Mwanao."

"Ndoo ngapi?"

"Zote. Mara moja."

Sikupigwa, nashangaa mpaka leo. Aliniambia nirudie kusoma taratibu pale wanaposema tufanyeje, huku yeye anapunguza nyasi. Wenzangu walikuwa wanapiga kelele uwanjani. Mimi niling'oa miche iliyooza, mmoja mmoja. Safu nne zilifika shambani. Ya tano ilikufa, tukaenda kuomba miche kwa jirani, na mimi ndiye niliyetumwa kueleza kwa nini.