Gia ya Tatu Njia ya Sagalla

Gari langu kwa mwaka lilitoka mara kumi hivi, na watu walinicheka sana kwa hilo. Nafundisha Taveta na naishi palepale shuleni, kwa hiyo gari nililiacha Voi, uani kwa mdogo wangu wa kiume, maana kwake kuna geti na mbwa mkali. Yeye mwenyewe ana gari la aina ileile, la kubebea nyanya. Langu lilikuwa na kazi moja tu: kumshusha mama yetu kutoka Sagalla mlimani akiwa na safari ya hospitali. Mgongo wake hauwezi bodaboda.

Alhamisi hiyo ilikuwa siku ya jicho. Daktari wa macho huja Voi mara mojamoja sana, na orodha ya upasuaji inafungwa saa tatu asubuhi, mgonjwa awe amekaa pale kwenye benchi. Jicho la kushoto la mama lilikuwa limeshafunga kabisa, na la kulia lilikuwa linafuata. Nikamwambia kwa simu, "Mama, saa moja na nusu niko mlangoni kwako."

Nililala kwa mdogo wangu. Nilipoamka alikuwa ameshaondoka kwenda Taveta kuchukua mzigo. Nikawasha gari, likawaka mara moja, nikalisifu. Mjini kwenye tambarare lilivuta kwa uzito, na taa ya gia ilikuwa inapepesa, lakini nikasema ni uvivu wa kulala siku nyingi. Nilipoanza kupanda njia ya Sagalla, ala! Nakanyaga mafuta, gari linaguna na kutetemeka. Lilikuwa limeng'ang'ania gia ya tatu, na kwa gia ya tatu mlima ule huupandi. Likaanza kurudi nyuma. Nikavuta breki ya mkono, nikashuka mbio nikaweka jiwe nyuma ya tairi.

Nikampigia mdogo wangu. Akacheka. "Hao ni panya, dada. Gari likikaa wanakula waya. Mwite fundi wangu, nusu saa amemaliza. Usihangaike na teksi."

Nikamwamini. Huyu nilimbeba mgongoni mimi, nikamfundisha kusoma mimi. Kwa nini nisimwamini?

Fundi wa waya alikuja na bodaboda, begi lake begani, mtu wa makamo asiye na haraka. "Mwalimu," akaniambia, "gari la kukaa, umeme ndio wa kwanza kugoma." Akakwangua unga mweupe kwenye vichwa vya betri, akaweka mita: betri nzima. Akatoa fyuzi moja moja akiziangalia kwenye mwanga: nzima. Akalala chini ya gari, akachomoa plagi ya giaboksi, akapima huku akinung'unika peke yake. Akatoka na vumbi jekundu nywele nzima.

"Huku chini hakuna shida. Waya zote ziko sawa. Panya hajafika hapa."

Ilikuwa saa mbili na robo. Ningeita teksi dakika ile ningewahi. Mimi mjinga nikasema, amebakisha kidogo, wacha amalize.

Ilipokaribia saa tatu akafungua chini ya droo ya mbele, upande wa abiria, akaingiza mkono mpaka begani, akatoa kisanduku cha chuma kama daftari la shule. Ndiyo kompyuta inayoamrisha gia, akanieleza, ikifa gari linabaki na gia moja. Akakigeuza. Mgongoni mwa kile kisanduku palikuwa pameandikwa kwa rangi nyeupe: IMEKUFA.

"Mwalimu, huu mwandiko ni wangu."

Ana desturi, kila kifaa kibovu anachotoa anakiandika na kumrudishia mwenyewe, asije akaambiwa ameiba. Hiki alikitoa kwenye gari la mdogo wangu mwezi uliopita, akamwambia atafute kingine. Wiki hiyohiyo mdogo wangu akarudi na kizima, akafungiwa. "Haki ya Mungu, sikujua kimetoka kwako," fundi akasema, na hakuweza kuniangalia.

Hasira niliyoipata siku ile sijawahi kuipata tena. Angeniomba ningempa, na yeye anajua ningempa! Lakini anichukulie kizima, anipachikie maiti, anilaze kwake, anione naweka funguo mezani, halafu aniambie panya? Nikampigia. Simu imezimwa. Nikaita teksi, ikafika saa tatu imeshapita. Nikapigia hospitali, muuguzi akasema kwa upole kwamba orodha imefungwa, tungoje mpaka daktari atangaze siku nyingine. Siku gani? Hajui.

Nikapanda na ile teksi nikampe mama habari mwenyewe. Nilimkuta sebuleni amevaa gauni lake la kanisani, leso mpya mabegani, mkoba mapajani. Amekaa hivyo tangu alfajiri. Nikammwagia yote, sikumficha hata neno. Kwetu, anayetaka kitu cha ndugu yake hupitia kwa mama, mama ndiye anayekuja kukuomba. Ndivyo tulivyolelewa. Kwa hiyo nikamaliza kwa ukali, "Na hata kwako hakupita! Hata hiyo heshima hakuwa nayo!"

Mama akanyoosha pindo la leso kwa vidole.

"Alipita," akasema. "Nilimwambia achukue. Lako linalala tu, mwanangu. Lake lina watoto wanne wa kulishwa. Alisema atarudisha kabla hujajua."

"Na wewe hukuniambia."

"Ungekasirika."

Nikakaa chini. Wiki zote hizo alikuwa akiniuliza kwa simu kama Alhamisi bado ipo, nami nikimhakikishia, na yeye anajua gari langu limetolewa moyo.

Akageuza kichwa kunitafuta kwa lile jicho lililobaki.

"Na lake," akaniuliza, "sasa linatembea vizuri?"

Nikamwambia linatembea. Akashusha pumzi, akamshukuru Mungu, akaanza kuvua leso.