Mama Sare Aenda Kulia Ugenini

Mama Sare hakupata nafasi ya kumlilia mumewe, na wa kulaumiwa alikuwa wifi yake.

Si kwamba machozi hayakuwepo. Yalikuwa yamejaa hadi kooni, maana marehemu alikuwa mume wa kuliliwa: mwalimu wa udereva, mcheshi, mtu aliyeweza kumaliza chakula cha mchana kizima akieleza namna ya kurudi nyuma kwenye kona. Tatizo ni kwamba kila mjane alipoanza kwikwi, wifi mtu, ambaye mtaa mzima ulimwita Kipaza, alizipokea kwa sauti ya kuwatoa majirani nje. “Kaka yangu jamaniii!” Basi wote wakamkimbilia yeye, huyu na maji, yule na kipande cha boksi cha kumpepea, na Mama Sare akajikuta amemshika mabega akimwambia, “Jikaze, wifi, jikaze.” Kipaza alijikaza, akafuta uso, akauliza sukari imewekwa wapi.

Msiba ukaisha, wageni wakatawanyika, Kipaza akabaki. Alihamia chumba cha cherehani, akatandika godoro juu ya sare za shule ambazo Mama Sare, fundi wa sare tangu usichana wake, alikuwa ameshazikata tayari kwa kushonwa.

Binti wa Mama Sare, mfanyakazi wa ofisi ya kukata tiketi za ndege, ndiye aliyekuja na wazo.

“Mama, nenda mbali kidogo. Nchi ya watu, hakuna anayekujua. Ukitaka, shangazi atakusindikiza.”

“Nitakwenda peke yangu,” alisema Mama Sare, upesi mno.

Kipaza alishika kichwa. “Mjane anapanda ndege! Watu watasemaje?”

“Watasema nimeondoka. Na hawatakuwa wamedanganya.”

Kule ugenini, ofisa wa uhamiaji alitazama pasipoti, akamtazama mwenyewe, akauliza jambo. Mama Sare hakuambulia hata neno. Ofisa akapiga simu, akamkabidhi. Ndani yake alikuwa mkalimani, kijana kwa sauti.

“Shikamoo, mama. Anauliza umekuja kufanya nini.”

“Marahaba, mwanangu. Mwambie nimekuja kulia.”

“Kula?”

“Kulia.”

“Kulia kwa wapi, mama? Baada ya kona ipi?”

“Kulia machozi! Mume wangu amefariki.”

“Pole sana, mama. Lakini... kwenu hakuna pa kulia?”

“Pamejaa.”

Alichotafsiri kijana hakijulikani, ila ofisa alivua kofia, akagonga muhuri taratibu kama anayeogopa kuamsha mtoto.

Hotelini Mama Sare alifunga mlango, akavua viatu, akaketi kitandani, leso mapajani. Haya. Hakuna kilichotoka. Alijaribu kumkumbuka marehemu alivyokuwa siku ya mwisho, akajikuta anachunguza pazia: pindo limekwenda upande. Akajaribu bustanini kando ya bwawa, bata wakamzunguka wakidhani leso ina mkate. Akajaribu hata kwenye lifti. Ungesema machozi yake yamenyimwa viza.

Mwishowe akachoka kujaribu, akapanda teksi aende kutazama maduka ya vitambaa. Dereva alikuwa mzee mnene mwenye masharubu, anayeendesha kama anayefukuzwa. Akahama njia bila taa, bila kugeuza shingo. Mguu wa Mama Sare ukakanyaga breki isiyokuwepo. Alipohama tena, sauti ikamtoka mama wa watu, nene, ya amri:

“Kioo! Tazama kioo kwanza, bwana! Au umewekewa cha kuchania masharubu?”

Yalikuwa maneno ya marehemu, na hata kikohozi chake cha mwisho wa karipio kilikuwemo. Dereva akaduwaa, akafuata kidole chake hadi kwenye kioo. Mama Sare akaanza kucheka. Akacheka mpaka mbavu zikamuuma, na katikati ya kicheko, bila hodi, kilio kikaingia. Alilia kwa kamasi na kwikwi, na hakuna aliyempokonya.

Dereva akaegesha, tairi moja juu ya njia ya waenda kwa miguu, akampa boksi la tishu. Kisha akatoa simu, akamwonyesha picha ya mbwa mkubwa, akaelekeza kidole mbinguni. Masharubu yakatetemeka.

Mama Sare alitaka kuudhika, mumewe kuwekwa fungu moja na mbwa. Lakini mzee wa watu alikuwa analia kweli, na tishu zilikuwa zake.

“Pole, kaka,” alimwambia. “Alikuwa na macho mazuri.”

Wakagawana boksi.

Aliporudi nyumbani, Kipaza alikuwa mlangoni, ameshavuta pumzi.

“Keti kwanza, wifi, nikuhadithie.” Akamsimulia habari ya teksi, kwa sauti ile ile nene. Kipaza alicheka, kisha akaweka chini kikombe chake cha chai.

“Ndivyo alivyonikaripia akinifundisha baiskeli,” alisema polepole, na mabega yakaanza kutikisika. Sauti haikutoka hata kidogo. Ndipo Mama Sare alipogundua kwamba hajawahi kumwona wifi yake akilia. Akamsogelea. Chai ikapoa mezani.

“Huko ulikokwenda,” Kipaza aliuliza baadaye, “wanapokea watu wote?”

“Wote.”

“Basi twende sote.”

“Utakwenda peke yako, wifi. Ndiyo dawa yenyewe.”

Kipaza akakubali. Siku ya safari, kwenye uwanja wa ndege, aliaga kwa kilio kikubwa hivi kwamba abiria wakampisha mbele ya foleni, huku Mama Sare na bintiye wakimpungia mkono kutoka mbali, wasije wakajulikana kuwa ni ndugu zake.